Ngozi Iliyokwisha Kubabuka Haidai Skrabu
Mada kwa wenye saluni na wauzaji wa vipodozi wa Nachingwea na Ruangwa



Mteja tunayemzungumzia leo mnamfahamu. Ana miaka arobaini na kitu, ngozi imepauka, mashavuni kuna madoa, na akibadilisha sabuni tu anawashwa. Amekuja dukani anataka kitu cha kumrudishia ujana. Muuzaji anawaza skrabu ipi, asidi ipi, retinoli ya asilimia ngapi. Nitafika huko, lakini kuna swali la kumuuliza kwanza ambalo dukani huwa halisikiki: dada, unafanya kazi gani?

Huku kwetu jibu mara nyingi ni korosho. Kiangazi kinapoanza, mkorosho ukitoa machipukizi na maua, mkulima anapuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Ule unga wa manjano unamtua usoni, shingoni na mikononi, unachanganyika na jasho, na anarudi nao nyumbani. Sasa someni karatasi ya sabuni ya chunusi: baadhi yake zina salfa hiyo hiyo, kwa sababu inalegeza tabaka la juu la ngozi ili libanduke. Mwanamke aliyeshinda nyuma ya mashine ya kupulizia amekwisha kufanyiwa skrabu, tena bila kipimo.

Baadaye linakuja ganda. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi ya anakadiki na kadoli, na aliyebangua kwa mkono hahitaji kuelezwa: vidole vinakuwa vyeusi, ngozi inababuka na kutoka vipande vipande. Akijisahau akajifuta jasho, uso nao umepata. Mkorosho na mwembe ni wa familia moja ya mimea, kwa hiyo mteja anayetoka vipele mdomoni akimenya embe kwa meno muulizeni pia kuhusu korosho.

Juu ya hayo kuna hewa kavu ya Juni hadi Oktoba, vumbi, sabuni ya mche na dodoki. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH ya karibu 5. Sabuni ya kipande ni 9 au 10. Dodoki kwenye kisigino sina ugomvi nalo. Usoni, kwenye ngozi kavu, ni kukwangua.

Ngozi ya namna hii ikipakwa asidi ikawasha, mteja anaambiwa "dawa inafanya kazi". Si kweli. Tabaka la juu limejaa mianya, maji yanatoka na viwasho vinaingia. Na kwenye ngozi nyeusi kila mwasho una gharama yake: pale palipowaka panabaki doa, na doa hilo linaweza kukaa miezi. Yaani mteja alikuja na madoa matatu, tunampa la nne.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa tiba ya uzee hauna tiba ya uzee. Sabuni laini isiyo na manukato, au maji matupu asubuhi. Baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado na unyevu, apake mafuta. Glisarini ni nzuri ikichanganywa na maji. Ikipakwa yenyewe wakati hewa ni kavu inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi. Juu yake mafuta ya mgando, yale ya kopo la bei rahisi yasiyo na harufu. Najua hayana faida kubwa dukani, lakini katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi ni krimu chache sana zinazoyafikia. Mafuta ya zeituni, ambayo wengi tunayaheshimu, yana shida yake: utafiti wa watu wa Sheffield, Uingereza, uliochapishwa 2013, ulionyesha kwamba yanadhoofisha kinga ya ngozi, ilhali ya alizeti hayakuidhoofisha. Alizeti tunayo.

Halafu jua. Weusi wetu unatupa kinga iliyowahi kukadiriwa kuwa sawa na SPF 13, ndiyo maana mikunjo inatuchelewa. Uzee wetu unatangulia na madoa. Krimu ya jua ya SPF 30 yenye oksaidi ya zinki haiwashi sana, ila huacha weupe. Yenye rangi ya kahawia kutokana na oksaidi ya chuma ni bora, kwa sababu inazuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Wa shambani asiyeimudu, kofia pana na kanga. Moshi, pale kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, inatengenezwa krimu ya jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hiyo ni yao, tusiigeuze biashara.

Hapa kwenye madoa ndipo mkorogo unapoingilia. Ndani yake mna zebaki, haidrokwinoni, au steroidi kama klobetasoli. Wiki za mwanzo ngozi inang'aa, mwasho unatulia, mteja anasifu. Kisha steroidi inaikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana, na akiacha uso unawaka. Aliyetaka kupunguza uzee ameuongeza kwa fedha yake. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko Shirika la Viwango, TBS. Kopo lisilo na orodha ya viambato msilipokee, hata likiandikwa "asilia".

Singo na liwa? Nazipenda, lakini karafuu iliyomo kwenye singo ina yujenoli, ambayo ni miongoni mwa viwasho vinavyojulikana vizuri. Kwa mteja huyu ipunguzeni iwe liwa na maji ya waridi tu, ipakwe, ioshwe kabla haijakauka kabisa, isisuguliwe.

Ngozi ikishatulia, wiki nne hadi sita, ndipo tuchague kimoja. Kimoja. Asidi za matunda zilianza kuelezwa na watafiti Van Scott na Yu mwaka 1974 kwa wagonjwa wenye magamba ya ngozi, na kati yake ya glaikoliki ina molekuli ndogo, hupenya haraka na huwasha zaidi. Kwa ngozi kavu chagueni ya laktiki, asilimia 5, usiku mmoja kwa wiki. Anayeogopa hata hiyo, niasinamidi. Retinoli ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi kwa mikunjo, maana ni ndugu wa tretinoini ambayo mtafiti Kligman na wenzake waliandika kuihusu mwaka 1986; aanze na asilimia 0.1, mara mbili kwa wiki, juu ya mafuta. Mjamzito haruhusiwi. Juisi ya limau, ambayo kila mtaa una mtaalamu wake, ni asidi kali isiyo na kipimo, na ikikutana na jua inaweza kuunguza.

Wakati wa kuanza nao una maana. Mei hadi Agosti ni salfa, Oktoba hadi Desemba ni korosho. Kwa mkulima wa huku mimi ningeanza Februari, mvua ikiwa inanyesha, hewa ina unyevu na mikono imepumzika. Kwanza ajaribu ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Sasa toeni makopo mliyokuja nayo. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi. Tafuteni neno parfum: likiwa katika matano ya juu, wekeni kopo upande huu. Mkikuta alcohol denat., upande huu pia. Ila cetyl alcohol na cetearyl alcohol ziacheni mezani. Ni mafuta mazito kama nta, hayakaushi.