KUTENGENEZA NYUMBA YA ZAMANI ILI KUIPANGISHA



Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wapo watakao nyumba yetu ya zamani hapa Mashewa ibomolewe; mimi nasema itengenezwe, ipangishwe. Wenzetu wa K.N.C.U. Moshi, walioanza mwaka 1933, hawakutegemea kahawa peke yake. Walijenga na jumba mjini.

Tuanze na paa, kisha nguzo zilizoliwa na mchwa, mwisho rangi. Kuta za udongo tusizipake saruji, maana hufungia unyevu ndani, nao huozesha miti; chokaa huupa njia ya kutoka. Kodi ya kwanza isigawanywe, bali iwe akiba ya matengenezo.

Fedha hii ni jasho la mkulima. Basi kila senti isomwe mbele ya Mkutano Mkuu.