Taa za Ishara za Pikipiki Zikikataa Kuwaka

Wasikilizaji, mwendesha pikipiki atakaye kugeuka kulia hukata njia ya magari yajayo mbele yake. Ishara yake isipowaka, wenziwe barabarani hawaijui nia yake. Kwa hiyo yafaa ajue kutafuta kosa kwa utaratibu, kabla ya kununua kitu dukani.

Kwanza atazame ni taa zipi zilizokataa. Zikizimika za pande zote mbili, mara nyingi kosa limo katika betri, fyuzi, swichi au flasha, yaani kile kidude kizifanyacho taa zipepese. Ukizimika upande mmoja tu, flasha kwa kawaida ni nzima. Basi achunguze globu na waya za upande ule. Taa iliyobaki ikipepesa upesi kupita kiasi, huenda mwenzake ameungua.

Pili, apeleleze waya karibu na usukani, maana hapo hupindwa kila pikipiki igeukapo, hata zikachubuka. Tena aangalie mahali waya ulipofungwa kwenye chuma. Pakiwa na kutu, taa haiwaki ijapokuwa globu ni mpya. Apasugue kwa msasa, kisha akaze.

Fyuzi mpya ikiungua mara moja, yaelekea waya umegusa chuma. Asitie waya mnene wala karatasi ya sigara badala ya fyuzi, kwani fyuzi huungua ili pikipiki isiungue.

Mpaka taa zitengenezwe, na atoe ishara kwa mkono.