Mizani ya Dukani na Mizani ya Moyo



Ndugu wapendwa, wafanyabiashara, wachukuzi, mama lishe, nanyi nyote mtafutao riziki Kariakoo: neno langu lahusu uhai wa roho.

Mizani ya dukani haipotoki kwa siku moja. Springi hulegea, vumbi huingia, na mwenyewe hatambui. Ndiyo maana sheria inataka mizani ya biashara ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka, hata kama mwenye nayo ni mwaminifu. Dhamiri nayo ni hivyo hivyo.

Tazameni lumbesa. Mkulima hulipwa gunia moja ilhali ametoa zaidi. Mchukuzi hubeba uzito wa ziada kwa ujira uleule. Sheria ya Vipimo inakataza, lakini mazoea huifanya dhuluma ionekane kuwa ni biashara tu. Nabii Amosi aliwakemea watu walioishika sabato huku wakitamani iishe upesi, wapate kupunguza kipimo. Ibada walikuwa nayo, hawakukubali iwahukumu.

Basi, mazoea mabaya hushindwa kwa mazoea mema.

Kwanza, sala ya asubuhi kabla ya kufungua duka. Mtaje mbele ya Mungu yule utakayemwuzia na yule utakayemtuma kazi.

Pili, jioni unapofunga hesabu ya fedha, funga na hesabu ya dhamiri: Je, yupo aliyeondoka kwangu leo akiwa amepunjwa?

Tatu, Misa ya Dominika na Kitubio cha mara kwa mara. Lakini kumbukeni, mwenye kuungama wizi yampasa kurudisha alichotwaa. Zakayo alifanya hivyo.

Nne, Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele mwaka 1976. Huko tunasoma Neno pamoja na jirani anayetufahamu, wala si rahisi kumficha jinsi tunavyomlipa kijana wetu wa dukani.

Mtu asiseme, “Shughuli zimenizidi.” Mwalimu Nyerere alibeba mambo ya nchi nzima, naye alijulikana kwa mazoea yake ya kuhudhuria Misa ya kila siku. Jirani zetu Waislamu nao, adhana inaposikika, wengi huacha biashara wakaenda kusali. Uaminifu wao na utuamshe sisi, ili tukutane nao pia katika kutenda haki. Hiyo ndiyo amani ya mtaa.

Ndugu zangu, roho haidumu hai kwa msisimko wa semina moja au mkesha mmoja. Hudumu kwa mambo madogo yanayorudiwa kila siku. Moto wa soko, tarehe 10 Julai 2021, ulituonyesha jinsi mali ya miaka mingi inavyoweza kuteketea usiku mmoja. Kipimo tulichowapimia wenzetu hakiteketei, ndicho tutakachopimiwa.

Mungu awabariki.