KIUNGULIA NA DAWA ZA DUKANI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu)



Leo hatukusimama kusema habari za mshahara wala za nyumba. Twataka kusema habari ya kiungulia, yaani ule moto wa kifuani, pamoja na tumbo lisilosaga chakula. Huenda wengine watacheka na kusema hayo ni mambo ya jikoni. Lakini tazameni mifuko ya makoti yetu ya kazi. Mna vidonge vya kutafuna, mna na vikaratasi vya unga wa kuchemka majini. Twavinunua kimoja kimoja kama sigara, na wengi wetu hatujui kila dawa yafanya kazi gani, wala ni siku gani yatupasa kuliacha duka na kwenda kwa daktari. Hilo ndilo neno letu la leo.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Tumboni mna maji makali yaitwayo asidi, ya kusaga chakula. Ngozi ya ndani ya tumbo yaweza kuyavumilia. Bomba la chakula litokalo kooni haliwezi. Mahali bomba linapoingia tumboni pana msuli wa mviringo, nao hufanya kazi kama mlinda geti: hufungua chakula kipite, kisha hufunga. Msuli huo ukilegea, asidi hupanda juu, nasi twasikia moto nyuma ya mfupa wa kifua na ukali mdomoni.

Vitu viulegezavyo ni sigara, pombe, chakula cha mafuta mengi, na kwa watu wengine kahawa. Tena tumbo lililojaa mno, kitambi, na mshipi uliokazwa huisukuma asidi juu. Sasa tazameni kazi yetu. Mtu wa zamu ya usiku hali kitu cha maana tangu jioni. Arudipo asubuhi hula ugali wa watu wawili na nyama ya kukaanga, kisha hulala papo hapo. Mtu wa gangi humeza chakula chake kwa dakika 10, halafu huinama juu ya mataruma. Maji hufuata mteremko, na mtu aliyelala au aliyeinama ameiandalia asidi njia ya kwenda kooni.

Basi tuje kwenye dawa. Zile tunazozitumia sana ni za namna 3.

Namna ya kwanza ni antasidi: vidonge vya kutafuna, dawa nyeupe ya maji, na ule unga wa kuchemka. Hizi huondoa ukali wa asidi iliyopo, tena kwa dakika chache, lakini nguvu yake haikai. Zafaa kwa kiungulia cha mara moja moja. Zenye magnesiamu huweza kuharisha; zenye alumini huweza kufunga choo. Unga wa kuchemka una sodiamu nyingi kama ya chumvi, kwa hiyo mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo asiunywe bila kumwuliza daktari. Tena antasidi huzuia dawa nyingine zisiingie mwilini sawasawa, kama doksisaiklini, siprofloksasini na vidonge vya madini ya chuma. Mwulizeni mwuza dawa muache saa ngapi katikati.

Namna ya pili ni famotidini. Hii hupunguza asidi itolewayo na tumbo. Huchelewa kidogo kuliko antasidi, lakini hukaa saa nyingi zaidi. Wengi mwaikumbuka ndugu yake, ranitidini. Mwaka 2020 wakuu wa dawa wa Marekani walitaka iondolewe madukani, kwa sababu ndani yake kulionekana kitu kinachohofiwa kuleta saratani. Aliye na vidonge vyake vya zamani kabatini asivimeze.

Namna ya tatu ni omeprazoli na jamaa zake. Hii huzifunga pampu ndogo za tumbo zitoazo asidi. Haizimi moto saa ile ile. Huchukua siku 1 hadi 4 kufikia nguvu yake. Humezwa mara moja kwa siku, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula. Mtu wa usiku aimeze kabla ya chakula chake cha kwanza baada ya kuamka. Anayejinunulia mwenyewe asizidishe siku 14. Ikiwa moto warudi baada ya hapo, dukani hapana jibu lake.

Twasema hivyo kwa sababu kiungulia na vidonda vya tumbo si kitu kimoja. Watu husema vidonda huletwa na mawazo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kidudu kiishicho tumboni, na ikajulikana kwamba ndicho kiletacho vidonda vingi. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Antasidi hainyoshi mkono kwa kidudu hicho. Sharti kipimwe, na daktari atoe dawa za kukiua. Mwambieni kama mmekuwa mkimeza omeprazoli, maana huweza kukificha katika kipimo.

Kiletacho vidonda kingine tumekizoea sana: dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mtu akibeba reli, mgongo wauma, ameza diklofenaki; tumbo lawaka, ameza antasidi; kesho hivyo hivyo. Hapo twajichimbia shimo. Lakini aliyepewa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache bila kumwuliza.

Yako mambo yasiyotaka fedha nyingi. Tule kidogo kidogo, na chakula kikubwa kiwe kabla ya zamu, si baada yake. Tusilale mpaka zipite saa 2 au 3 tangu kula. Tuinue miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hukunja tumbo tu. Tulale kwa ubavu wa kushoto. Tupunguze sigara, pombe na kitambi. Na chai tuiache ipoe kidogo. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya la Dunia walisema vinywaji vya moto uzidio digrii 65 huenda huleta saratani ya bomba la chakula, na saratani hiyo yawapata watu wengi hapa Kenya.

Kwa hiyo shikeni dalili hizi: chakula kukwama kikimezwa, kutapika damu au kitu kama kahawa, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu. Mwenye moja ya hizo aende hospitali, asingoje mwisho wa mwezi. Na kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au taya, pamoja na jasho na pumzi fupi, huo huenda ni moyo. Msimpe mwenzenu vidonge vya kutafuna mkangoja. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Mwisho, ndugu Mwenyekiti, twaomba jambo moja. Mtu hawezi kula polepole ikiwa hapewi nafasi ya kula. Twaomba kamati iandike saa ya chakula ya kila zamu, hasa ya usiku, ionekane ilipo na ilipokosekana, ipelekwe mezani katika mazungumzo yajayo na wakubwa wa kazi. Vidonge tumevinunua kwa fedha zetu. Nafasi ya kula haiuzwi dukani. Sharti tuidai pamoja.