Deni Halifuti Haki ya Faragha
Hotuba kwa wananchi kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data



Leo nazungumzia simu ambayo wengi wenu mmeipokea. Mtu usiyemjua anakuambia, "Mwambie jirani yako alipe mkopo wetu." Wewe hukukopa wala hukumdhamini mtu. Namba yako ilitoka wapi?

Mara nyingi hutoka kwenye simu ya aliyekopa. Programu ya mkopo iliomba ruhusa ya kusoma majina na namba alizohifadhi, naye akabonyeza "kubali" haraka kwa sababu karo ya mtoto ilikuwa inangoja.

Ndugu zangu, deni ni la kulipwa. Lakini halimpi mkopeshaji ruhusa ya kukutangaza kwa mama mkwe, kwa mwajiri au kwa wenzako wa chama. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari zako akueleze anazitaka kwa kazi gani. Akidai kwamba ulikubali, ni juu yake kuthibitisha. Na hata ukishakubali, unaweza kuondoa idhini yako. Nazo kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia orodha ya namba katika simu ya mkopaji ili kudai deni.

Basi ufanye nini? Usifute ujumbe. Andika namba iliyokupigia, tarehe na saa. Mwandikie mkopeshaji aondoe namba yako. Asipokoma, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inakubali malalamiko ya mdomo au ya maandishi, na inataka uchunguzi ukamilike katika siku 90. Aliyepigiwa simu ana haki ya kulalamika sawa na aliyekopa, na aliyepata hasara anaweza kudai fidia.

Kabla ya kubonyeza "kubali", soma programu inaomba nini. Namba zilizo kwenye simu yako ni za watu waliokuamini. Na ukipigiwa simu kuhusu deni la jirani, usimcheke wala usimtangaze. Mweleze haki yake.