AKIBA YA NYUMBANI KABLA YA MASIKA
(Maneno tuliyowaambia wananchi wa Sanya Juu)



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo la jikoni. Msishangae kuona watu wa Chama wakitaja unga na kiberiti. Nyumba isiyo na akiba siku ya dhiki haina uhuru. Hukaa ikingoja huruma ya watu wengine.

Wako wasemao kwamba tufani ni shida ya watu wa pwani. Ni kweli, pwani wameiona. Unguja ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, mikarafuu ikang'oka na vyombo vikavunjika bandarini. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Na tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Upepo wa namna hiyo haupandi mpaka huku. Lakini sisi tunayo masika, tangu Machi mpaka Mei, na mlima si ngome. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Hanang ni mlima wa volkano kama huu wetu. Kisha tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge ya kuwa mvua za msimu ule zilikwisha kuua watu 155 nchini.

Sasa shikeni neno hili moja, hata mkisahau mengine yote: mvua iletayo shida ndiyo hiyo hiyo ifungayo njia ya msaada. Daraja likichukuliwa na maji, lori la chakula halipiti, hata likiwa limejaa na dereva ana moyo mwema. Serikali ina wajibu wake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka kijijini, nasi tunayo haki ya kuziuliza kamati hizo zimejiandaa vipi. Lakini siku za kwanza, kabla njia haijafunguliwa, hatuna budi kujitegemea. Siku hizo tuzihesabu kuwa saba.

Nyumba ya watu 6, kila mtu akila nusu kilo ya unga kwa siku, yahitaji kilo 21 kwa siku saba. Twasema unga, si mahindi, maana umeme ukikatika mashine ya kusaga haitembei. Ongezeni maharage kilo 5, chumvi, mafuta na sukari. Unga usikae ukaharibika: kuleni wa zamani, jazeni mpya. Wala migomba ya kihambani isihesabiwe kuwa akiba. Upepo wa usiku mmoja waweza kuilaza yote.

Maji nayo yawekwe. Watu hucheka wakiambiwa waweke maji wakati wa mvua, lakini mvua kubwa hupasua mabomba, na mfereji huleta tope na uchafu wa vyooni. Lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa watu 6 kwa siku tatu, ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20. Baada ya hapo tutakinga ya bati na kuyachemsha. Mtoto akiharisha, tieni katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo huku mkitafuta njia ya kumfikisha zahanati.

Kuni kavu ziwekwe darini, na kiberiti katika kopo lenye kifuniko. Tochi na redio ziwe na betri, tupate kusikia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Anayemeza dawa kila siku aombe mapema za kumtosha. Kadi za kliniki, vitambulisho na hati za shamba zifungwe katika mfuko wa plastiki.

Sasa tufike kwenye neno gumu. Mama mjane anayenunua unga kilo moja moja dukani, na watoto watano nyuma yake, ataweka kilo 21 kwa fedha ipi? Tukimwambia ajitegemee kisha tukaenda zetu, tumemdhihaki. Hesabu yetu ni hii. Tangu Januari mosi mpaka mwisho wa Februari ni siku 59. Akitenga gramu 100 kila siku, ukufi mmoja tu, atapata karibu kilo 6. Zimebaki 15. Majirani 9 wa nyumba kumi zake wakitoa kila mmoja kilo moja na robo tatu, zimetimia na kuzidi. Hakuna nyumba itakayofilisika kwa kilo moja na robo tatu.

Na asiyeweza kutenga hata ukufi huo, nyumba tisa zimjazie. Unga huo uhesabiwe mbele ya wote, ukabidhiwe kwake mwenyewe, ili pasiwe na manung'uniko. Tena kila nyumba kumi ijue ni mzee gani hawezi kutembea, ni mama gani anakaribia kujifungua, na ni kijana gani atakayewabeba usiku mto ukifurika.

Masika yakipita salama, hatukupata hasara, unga utaliwa. Yakija kwa ukali, hatutaona nyumba moja inapika na ya jirani inalia.

Tunaomba kabla ya Machi mosi kila nyumba kumi ilete habari tawini: nani amekwisha kuweka, nani bado, na waliobaki nyuma wanasaidiwa na nani.