Uvimbe Mdogo wa Kongosho: Mgonjwa Anaishije Chini ya Uangalizi?



Wagonjwa ninaowazungumzia mara nyingi hawaumwi chochote. Mtu kapigwa CT kwa sababu ya mawe ya figo, ripoti inarudi na mstari wa ziada: uvimbe wa sentimita 1.2 kwenye kongosho. Ikithibitika ni uvimbe wa neuroendokrini usiomwaga homoni za kuleta dalili, miongozo ya Ulaya inaruhusu ulio chini ya sentimita 2 uangaliwe bila kukatwa, mradi haujaziba mrija wa kongosho wala kusambaa. Upasuaji wa kongosho unaweza kuleta kisukari, kuvuja kwa maji ya kongosho tumboni, na choo cha mafuta. Na vimbe za kiasi hiki nyingi hukaa miaka bila kukua.

Uamuzi ni sahihi. Kosa letu ni kumwambia "rudi baada ya miezi 6" tukidhani tumemhudumia. Nyumbani atamkumbuka jirani aliyekwenda upesi kwa saratani ya kongosho, ambayo kwa kawaida huanzia kwenye seli nyingine kabisa. Au atasoma habari za Steve Jobs, ambaye uvimbe wake ulikuwa wa ukoo huuhuu ila ulisambaa hadi kwenye ini. Tofauti hizo aelezwe siku ya kwanza, na mwenzi wake akiwepo. Aandikiwe pia kitakachobadilisha uamuzi: uvimbe kukua haraka, kuvuka sentimita 2, au mrija kupanuka.

Kuna hofu tunayoitengeneza wenyewe. Kipimo cha damu cha kromogranini A, kinachotumika kufuatilia vimbe hizi, hupanda pia kwa mtu anayemeza omeprazole, dawa ya kiungulia, na hupanda figo zikidhoofika. Dawa hiyo inanunuliwa kwa urahisi kwenye maduka ya dawa. Tukipima bila kuuliza anakunywa nini, tunamtia mtu kiwewe kwa ajili ya kiungulia chake. Binafsi nisingekipima kwa mazoea.

Picha nazo zichaguliwe kwa busara. MRI haina mionzi, jambo kubwa kwa kijana mwenye MEN1, ugonjwa wa kurithi utakaomweka kwenye uangalizi maisha yote. Anayetoka mkoani apangiwe picha na kliniki katika safari moja.

Wapo ambao hata baada ya haya yote hawalali. Mgonjwa wa namna hiyo akiomba upasuaji, baada ya kuelezwa hatari zake, asionekane msumbufu. Utulivu wake nao ni sehemu ya matibabu.

Wiki ngumu kuliko zote ni zile za kusubiri majibu. Naomba kikao hiki kipitishe jambo moja leo: mgonjwa asitoke chumba cha picha bila tarehe ya majibu na jina la atakayemsomea, vyote vimeandikwa kwenye kadi yake.